Tulichagua Wimbo Uliopaza Sauti

Kaka yangu hapendi niisimulie habari hii. Lakini na mimi nimo ndani yake mzima mzima, kwa hiyo nina haki nayo. Akiona nimemwonea, aje na yeye aseme ya kwake.

Mtaani wanamwita Bwana Vitufe. Jina hilo alipewa na wauza mbao wa jirani, siku walipochungulia dirishani wakaona meza nzima imejaa vitufe na taa, wakamuuliza kama ameajiriwa kurusha ndege. Kazi yake ni kuchanganya sauti za muziki. Mtu anatengeneza wimbo kwake kwenye kompyuta, ngoma huku, besi kule, sinthi, kile kinanda cha umeme, juu yake, kila sauti peke yake. Analeta kwa kaka, na kaka anazipanga zikae pamoja bila kukanyagana. Hiyo ndiyo miksi. Wimbo ukishapangwa, anaupitisha mara ya mwisho kuunyoosha na kuupa nguvu, ili usikike vizuri redioni, kwenye simu na kwenye spika za ukumbini. Hiyo wanaiita masta. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ni kazi mbili. Kwangu mimi zote zilikuwa kelele za upande wa pili wa ukuta.

Maana nyumba ni moja, tuliachiwa na wazazi. Yeye alichukua chumba cha nyuma, akagongelea magodoro ya zamani ukutani na kutundika mapazia mazito mpaka chumba kikawa hakipitishi hata upepo. Mimi nilichukua cha mbele, niko na cherehani zangu mbili, nashona sare za shule. Nikikanyaga pedali analalamika kwamba cherehani inaingia kwenye maikrofoni. Akifungulia besi, pini zangu zinacheza mezani. Tumeishi hivyo miaka kumi na saba, tumegombana miaka kumi na saba, na hakuna aliyehama.

Asubuhi za Jumamosi alikuwa anafundisha wanaoanza. Hawakuwa watoto. Walikuwa watu wenye kazi zao na familia zao, dereva wa lori, karani wa shule, mama mmoja muuza vitabu, ambao jioni walikuwa wanajifungia na kompyuta kutengeneza muziki wa mashine, na wakishautengeneza wanashangaa kwa nini unasikika umefungiwa ndani ya debe. Walikaa kwenye benchi, magoti yakigusana, na kaka akasimama mbele yao mikono nyuma kama mkaguzi. Mimi masomo yake nayajua kwa moyo, bila kutaka.

"Usianze kwa kuongeza, anza kwa kupunguza," alikuwa akisema. "Sauti ambayo huisikii mara nyingi si ndogo, imefunikwa. Mtafute aliyeifunika, mwambie asogee."

Au: "Kiki, ile ngoma nzito ya chini, na besi ni watu wawili wanene wanaogombea kiti kimoja. Kiki ikigonga, besi iinuke kidogo. Ikishagonga, besi ikae."

Au: "Masta haiponyi miksi mbaya. Nguo iliyokatwa vibaya, hata uipige pasi mpaka kesho, itabaki imekatwa vibaya." Hilo la pasi aliniibia mimi. Nilimwambia mteja wangu mmoja, yeye akalisikia ukutani, Jumamosi iliyofuata nalisikia linafundishwa.

Na lilikuwepo moja ambalo hakukosa kulisema kila alipopokea wanafunzi wapya: "Ukitaka kulinganisha nyimbo mbili, kwanza zisawazishe sauti. Sikio halina akili. Ukiliwekea nyimbo mbili, litapenda ile inayopaza zaidi, hata kama ni mbovu. Usiliamini mpaka umelinyima hiyo hongo."

Nimeliandika hilo makusudi. Nataka mjue kwamba alikuwa analijua.

Fundi Friji aliingia nyumbani kwetu kwa ajili yangu, si kwa ajili ya muziki. Friji langu lilikuwa limeacha kupoza, nikaambiwa kuna dada mmoja hodari, nikampigia. Akaja na ovaroli yenye bisibisi kila mfuko, umri wake kama miaka thelathini, maneno machache. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji wakati kaka alipofungulia wimbo wa mteja kule nyuma. Nikaanza kuomba radhi kwa kelele, kama kawaida yangu. Yeye akainua kidole, akasikiliza.

"Kuna kitu kinagongana na ngoma," akasema. "Huko chini kabisa. Kama mashine mbili zimewekwa karibu mno."

Dakika mbili baadaye nikamsikia kaka anajilaumu mwenyewe: "Ah, besi hii bwana, besi!" Nikamtazama yule dada. Alikuwa amesharudi kwenye nyaya zake.

Kumbe na yeye alikuwa anatengeneza muziki. Alikuwa na laptopu kuukuu na hedifoni iliyofungwa utepe wa umeme upande mmoja, na alikuwa anarekodi majokofu. Msicheke, mimi nimeshacheka kwa niaba yenu. Aliniambia kila friji lina noti yake, na likikaribia kufa noti inashuka, na kwamba maduka mengine anakwenda kukagua mtambo huku simu ipo mfukoni inarekodi mngurumo. Akifika nyumbani anaukata, anaunyoosha, anaufanya besi. Nilimpeleka kwa kaka siku ile ile. Mimi ndiye niliyempeleka, na hilo pia nalibeba.

Jumamosi ya kwanza kaka alifundisha kompresa, kifaa cha kuzuia sauti isipande ghafla wala kushuka ghafla. Akaeleza robo saa nzima, kisha akauliza nani hajaelewa. Fundi Friji akanyoosha mkono, akasema kompresa anayoijua yeye inapoza nyama. Benchi zima lilicheka, na yeye pia, na tangu siku ile wakamzoea. Lakini alikuwa anashika mambo haraka kupita wote. Wengine walikuwa wanauliza wabonyeze wapi. Yeye alikuwa anauliza kwa nini. Nilianza kuona kwamba kaka alikuwa akishamjibu, anamtazama kidogo kabla ya kuendelea na somo.

Miezi minane ikapita. Kituo kimoja cha redio kikatangaza kwamba kinatafuta muziki usio na maneno wa kufungulia kipindi chake cha asubuhi. Wimbo ungesikika kila siku, mwaka mzima, na jina la aliyeutengeneza lingetajwa. Fundi Friji alikuwa na nyimbo kumi na mbili. Akachagua mmoja, akauleta siku ya Jumatatu saa nne asubuhi, kabla hajaenda kazini. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Miksi nimemaliza, Mwalimu," alisema. "Naomba unifanyie masta tu. Kidogo, isizidi."

Kaka akaufungulia.

Nitajaribu kuueleza. Ulianza na mngurumo mdogo, ule unaousikia nyumbani mchana watu wote wakiwa wametoka. Juu yake vikaingia vitu vidogo vidogo vinavyometa, matone, vikawa vinaongezeka taratibu. Kisha vyote vikanyamaza. Kimya, urefu wa pumzi mbili. Na ukishaanza kujiuliza kama umeme umekatika, besi ikaingia, nene na laini, chumba kizima. Mguu wangu ulikuwa umeshatoka kwenye pedali bila mimi kujua. Mwili ulinisisimka mpaka kwenye viganja. Nilikaa na mkono wa sare ya mtoto wa watu mapajani mpaka wimbo ukaisha.

Kaka akasema, "Uko vizuri." Baada ya muda akasema, "Niachie lakini niupange upya kidogo. Kuna sehemu zimelegea."

"Zipi, Mwalimu?"

"We niachie."

Akaachiwa. Alikaa nao siku nne. Nilimsikia akiongeza, yeye aliyewafundisha watu kupunguza. Akaongeza ngoma, akaongeza kumeta, akajaza na pale kwenye kimya. Mwisho akaubana wote kwa limita, kile kifaa kinachousukuma wimbo juu mpaka unagusa dari na hauna pa kwenda tena. Pini zangu zilicheza siku nne mfululizo. Nikajisemea moyoni, ameuvuruga. Kisha nikajisemea, wewe mshona nguo unajua nini? Nikaendelea na kazi yangu.

Jumamosi akawakusanya wote kwenye benchi ili washuhudie. Akaniita na mimi.

"Mdogo wangu, njoo utupe sikio la mtu wa kawaida!"

Nilikwenda na sindano mdomoni. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, nilikuwa na sare ishirini na sita mezani na akina mama watatu wameshika kiuno mlangoni. Nilisimama pale kwa mwili tu.

Akaufungulia kwanza wa Fundi Friji, kama alivyouleta, kwa sauti ile ile ya chini aliyoutengenezea. Kisha, bila kugusa kitufe chochote, akaufungulia wa kwake. Ulitoka kwa kishindo. Yule mama muuza vitabu alisema "heee!" na dereva akaanza kutikisa kichwa. Kila kitu kilikuwa kikubwa, karibu, kinang'aa. Ule wa kwanza ukaonekana mnyonge, kama umerekodiwa chumba cha tatu.

Fundi Friji akauliza swali moja tu. "Mwalimu, huu wa pili haujapandishwa sauti?"

Kaka akacheka, kicheko cha mwenye ofisi. "Sasa masta ni nini? Ndiyo kazi yake hiyo!" Akageukia benchi. "Haya. Wangapi wanachukua wa pili?"

Mikono ikapanda. Mimi nilitoa sindano mdomoni, nikanyoosha mkono, nikatazama mlango kuona kama akina mama bado wapo. Fundi Friji alikuwa ananitazama. Sikujua ananitazama kwa nini, wala sikujisumbua kujua. Kisha na yeye akanyoosha wa kwake, wa mwisho.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Wimbo ukapelekwa redioni, ule uliopaza. Baada ya wiki tatu jibu likaja, fupi na la adabu: wimbo una nguvu, lakini unachosha, hauna mahali pa kupumzika. Kaka akafoka kwamba watu wa redio hawana masikio, wamezoea kuuza matangazo ya sabuni. Fundi Friji hakufoka. Jumamosi ile alikuja, akakaa, akaandika kila kilichosemwa, akamshukuru kaka kwa kazi yake. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

"Joto limezidi," kaka alisema. "Msimu wa mafriji."

Nikakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi kukubali. Namba yake nilikuwa nayo. Ningeweza kumpigia hata kwa uongo, nikamwambia friji linatoa maji. Sikumpigia. Baadaye tulisikia ameacha muziki kabisa, na mimi nikasema "aa, masikini," nikageuza kola upande wa pili. Ndivyo nilivyokuwa. Siwezi kujipamba.

Ikapita miaka miwili. Benchi likapata watu wapya, na kaka akataka kuwafundisha lile somo lake la hongo kwa mfano unaoshikika. Akaingia kwenye mafaili ya zamani, akakutana na ule wimbo, wote wawili bado wapo. Sidhani kama aliwaza lolote. Alitaka kuwaonyesha wimbo uliofanyiwa masta na ambao haujafanyiwa. Akaushusha wa kwake mpaka kipimo kikaonyesha sauti zimelingana, akafunika kioo cha kompyuta kwa kitambaa, akawaambia wafumbe macho.

Mimi nilikuwa upande wangu, nashona. Nikasikia mngurumo. Nikasikia matone. Kisha kimya, na besi ikaingia, na mguu wangu ukatoka kwenye pedali. Baada yake ukafuata ule mwingine, na safari hii haukuwa na kishindo chochote. Ulikuwa kama mtu anayeongea bila kuvuta pumzi, unangoja amalize uende zako.

"Wangapi wanachukua wa kwanza?" nikamsikia kaka.

Sikuona mikono, lakini nilisikia mtu akisema, "Mwalimu, hapa hata hakuna mashindano. Huu wa pili nani kauharibu?"

Somo liliisha mapema siku ile. Watu walipoondoka kaka akaja mbele, akakaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hajawahi kukikalia. Nikaendelea kutia uzi kwenye sindano, uzi haukuingia.

"Wangu ulikuwa juu kwa desibeli saba," akasema. "Siku ile. Saba nzima."

"Na wewe unawafundisha."

"Nawafundisha."

"Ulisahau?"

Alitazama mikono yake. "Sijui kama nilisahau au nilijisahaulisha. Aliniambia miksi ameshamaliza. Nikasikiliza, nikaona kweli, ameshamaliza. Miezi minane, mdogo wangu. Mimi kufika pale ilinichukua miaka tisa."

Nilitaka kumpasha. Maneno yalikuwa yameshajipanga, mnanijua. Lakini nikaukumbuka mkono wangu, mkono huu huu, ulivyopanda kwa ajili ya sare ishirini na sita. Kisha nikachukua simu nikatafuta namba ya fundi wa mafriji.

Namba ilikuwa bado inapatikana. Akapokea mara moja: "Eh dada! Friji limefanyaje?"

"Friji zima," nikasema. "Ni kaka anataka kukuona. Na mimi."

Akatuelekeza. Jumanne asubuhi angekuwa kwenye duka la maziwa karibu na kituo cha mafuta. Njia nzima kaka alikuwa amebeba hedifoni zake bora kifuani, zile ambazo mimi siruhusiwi hata kuzipangusa vumbi. Alikuwa na mpango. Angemwomba radhi, angemwomba zile nyimbo nyingine kumi na moja, angezifanyia masta bila kugusa miksi, angempeleka mwenyewe redioni kama itabidi apige magoti. Alinieleza mpango huo mara mbili, na mara zote mbili nikamwambia ni mzuri. Niliuamini. Nilikuwa nataka sana uwe mzuri.

Tulimkuta amelala sakafuni nyuma ya jokofu kubwa lililovutwa katikati ya duka, tochi mdomoni. Mwenye duka, mama mmoja wa kelele, alikuwa anapita huku na huku akihesabu chupa za maziwa zitakazoganda. Fundi Friji akatoka, akajipangusa, akatusalimia vizuri. Ovaroli ilikuwa ile ile. Yeye alikuwa amenenepa kidogo, na tabasamu lake lilikuwa la mtu anayesalimia wateja.

Kaka alianza hotuba yake, ikamkwama njiani. Akamnyooshea hedifoni tu. "Naomba usikilize. Zimesawazishwa."

Alifuta mikono tena, mpaka katikati ya vidole, akazivaa. Kaka akabonyeza simu. Sekunde tano hazikupita.

"Huu wangu," akasema, kwa sauti ya juu kidogo kama wasemavyo watu waliozibwa masikio.

Hakuzivua. Akafumba macho. Nilijua alipofika kwenye kimya kwa sababu yeye mwenyewe aliacha kupumua, na nilijua besi ilipoingia. Mwenye duka alitaka kusema kitu, nikamshika mkono. Ukaja wa pili. Huo aliusikiliza nusu, akavua hedifoni, akazikunja taratibu.

"Leo zinalingana sauti."

"Ndiyo," kaka akasema.

"Siku ile hazikulingana."

"Hazikulingana."

"Niliuliza."

"Uliuliza. Nikakucheka," kaka akasema. "Miksi yako ilikuwa imekamilika. Sikutakiwa kuigusa. Niliigusa kwa sababu niliona wivu, na nikaileta mbele ya watu bila kusawazisha. Nakuomba unisamehe."

Sijawahi kumsikia kaka yangu akiomba msamaha namna ile, hata kwa mama, Mungu amrehemu. Fundi Friji aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa.

"Nimekusikia, Mwalimu. Unajua, nilikwenda nyumbani nikajaribu kusikia mlichosikia nyinyi. Nikaupiga wako labda mara ishirini. Kila mara nasikia umejaa, umechoka, hauna nafasi. Lakini watu sita wameunyooshea mikono, na mwalimu wangu ndiye aliyeufanya. Nikasema basi, masikio yangu yana kasoro. Na redio walipoukataa, nikasema hata huo mzuri umekataliwa, sembuse wangu."

"Masikio yako hayana kasoro," kaka akasema haraka. "Nipe zile nyingine. Zile kumi na moja. Nitazifanyia masta, miksi siigusi, naapa."

"Nilizifuta."

"Zote?"

"Zote. Laptopu nilimpa mtoto wa dada yangu afanyie kazi za chuo. Niliisafisha kwanza." Akamtazama kaka bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Ningeziweka za nini?"

Mpango wote wa kaka ulikuwa umeishia hapo. Na mimi nikaona sasa ni zamu yangu, kwamba siwezi kurudi nyumbani nimejificha nyuma ya kosa lake.

"Na mimi nilinyoosha mkono," nikasema.

"Nakumbuka, dada."

"Siku ulipouleta, ile Jumatatu, niliusikia kule mbele. Nilisimamisha cherehani. Mwili wote ulinisisimka. Sijawahi kusimamisha cherehani kwa wimbo wowote uliotoka chumba kile."

"Hukusema."

"Sikusema. Nilikuwa na haraka ya sare."

Nilipolitamka nililiona lilivyo dogo. Yeye akaweka hedifoni juu ya jokofu, akachukua tochi yake, akaijaribu kwenye kiganja.

"Mwalimu nilimwelewa," akasema. "Hata siku ile, nusu yangu ilimwelewa. Alikuwa na kazi yake pale, kila mtu anaipenda kazi yake. Hao wengine walikuwa wanafunzi wake. Wewe hukuwa na kitu cha kulinda. Ndiyo maana nilikuwa nakutazama wewe. Nikajisemea, huyu dada akisema wa kwanza, basi naamini ninachosikia."

Machozi yalinitoka pale pale, mbele ya chupa za maziwa na mama wa watu. Nimeshamtafutia jibu nikiwa nashona, nikiwa nafua, na kila ninalolipata linaanza na zile sare.

Kaka akaikamata simu yake kwa mikono miwili. "Huu wako mmoja upo," akasema. "Umebaki mzima. Nikutumie?"

Akafikiri. Kwa kweli alifikiri, nilimwona.

"Simu yangu imejaa, Mwalimu."

"Utaufutia kitu kimoja..."

"Fundi!" mwenye duka akaita. "Maziwa yangu jamani!"

"Nakuja, mama." Akalala tena chini, akajisukuma nyuma ya jokofu mpaka zikabaki buti tu. Tulisimama pale, kaka na simu yake, mimi na uso wangu uliolowa, tukidhani atasema neno jingine. Baada ya muda akaomba tusogee kidogo, tulikuwa tumemzibia mwanga.